Mama Huja na Moshi wa Injini

Salaam aleikum Mama Naimo, wewe unayejibu barua za watu, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, kwa maana hili jambo hata dada yangu sijamwambia. Mimi na mume wangu Huqa tunachukua maziwa ya ngamia kule Kipsing tunaleta soko la Isiolo kwa pikap kuukuu, na tangu ile paipu ya kupumulia injini ipasuke, mvuke wa oili unaingia ndani kupitia tundu la chini ya miguu, na kwa sababu ya vumbi tunafunga vioo, basi gari linajaa ukungu mwepesi wa buluu, mwili wangu unalegea kama mtoto anayebebwa mgongoni, vilima vinapita polepole bila sauti, na hapo ndipo mama yangu anakuja.

Mama alifariki kabla sijaolewa, na kila asubuhi alikuwa anafukiza vyombo vya maziwa kwa vijinga vya moto, nguo zake zikinukia moshi, nasi tumelelewa tukijua moshi unasafisha, unatunza maziwa, hata mzazi akishajifungua anafukizwa, kwa hivyo huu wa gari nao nikauona ni moshi tu kama ule mwingine. Anakaa kati yetu, anaweka mkono juu ya tumbo langu, maana nina mimba, na anaimba ule wimbo wa kunywesha ngamia kisimani, naye hakupata kuona mjukuu hata mmoja. Nikishuka sokoni kichwa kinagonga na natapika, lakini nasema ni mimba. Na si ndoto yangu peke yangu, juzi Huqa akiwa anaendesha aliniuliza taratibu, "Anisa, nani huyo anaimba?" nikalia kwa furaha. Sasa anataka kupeleka gari kwa fundi Robow abadilishe paipu, nami kila siku namwambia ngoja, maziwa yataharibika. Nimpe sababu gani aliache gari hivyo? Naogopa mama ataondoka tena.

Ni mimi Anisa, Bulla Pesa.

Aleikum salaam Anisa. Sikucheki. Mimi pia nimefiwa na mama, na kama kungekuwa na gari la kunipeleka kwake ningepanda hata juu ya boneti. Lakini wewe binti umenitia hofu.

Moshi wa mama yako ulitoka kwa kuni, na alifukiza vyombo, hakujifungia ndani nao. Huu wako ni wa mafuta yaliyoungua, unapenya kando ya pistoni, unachanganyika na oili, na kazi ya ile paipu ni kuurudisha ndani ya injini ukachomwe. Ndani yake mna hewa ya sumu isiyonuka, inayolegeza mwili na kumlaza mtu bila yeye kujua. Tumbo nalo halina dirisha lake. Mtoto anavuta unachovuta wewe.

Halafu eti Huqa alisikia wimbo, nawe ukalia kwa furaha. Anisa, aliyeshika usukani naye alikuwa amelewa moshi huo huo, anasinzia. Hiyo ndiyo habari kubwa katika barua yako, na umeipitisha kama salamu.

Kwa hivyo leo mwambie Huqa ukweli wote, na maziwa yabebwe na gari lingine. Robow aweke paipu mpya mpaka kwenye njia ya hewa ya injini, azibe tundu la sakafuni, kisha apime ringi za pistoni, maana mvuke mwingi hivyo unaonyesha zimechoka. Na mtu asiwadanganye mzibe mdomo wa paipu kwa kitambaa, kwa sababu injini isiyopumua itatema oili kila penye sili, zile raba za kuzuia uvujaji. Wewe nenda kliniki sasa hivi, useme ulikuwa unavuta moshi wa gari, usinyamaze ukasingizia mimba.

Unaogopa mama ataondoka. Najua, na inauma. Lakini mwanamke aliyekuzaa, angekukuta umelegea ndani ya gari lile na mjukuu wake tumboni, asingeketi kando yako akaimba. Angekuvuta nje kwa mkono na matusi juu. Hayupo kukuvuta, basi shuka mwenyewe.