Kipimo cha Tatu

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, kazi tu ndiyo imenielemea.

Kliniki kwangu anakuja fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Moyo wake ni mgonjwa, na mimba hii ya wiki tisa inaweza kummaliza. Sheria inaruhusu itolewe. Inasubiriwa saini yangu. Nimempima mara mbili, majibu ni yale yale. Leo nimemwambia arudi baada ya wiki kwa kipimo cha tatu. Akanijibu, "Sawa, daktari, wewe ndiye unayejua."

Mama, sijui kitu. Wewe umekuwa mkunga miaka thelathini. Ungefanyaje?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, siku hizi nainama bila kuguna. Barua yako nimeisoma mpaka chai ikapoa.

Wanawake kama huyo mimi nilikuwa nawaambia mashine ya kipimo imeharibika. Ilikuwa nzima. Nilijiambia nawapa nafasi ya kufikiri. Mmoja hakurudi, nikasikia amezikwa. Na bado moyoni naamini mimba ni uhai. Hayo mawili nimeishi nayo na hayajapatana, kwa hiyo usinifanye mwalimu wako. Ila niambie kweli: hicho kipimo cha tatu ni kwa ajili ya nani?

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku ile ile aliyorudi yule fundi cherehani. Aliletwa amebebwa, miguu imevimba, pumzi hana. Nilisaini nimesimama. Kazi yenyewe nilimwachia daktari mwenzangu, mimi nikatoka nje. Amelala siku saba chumba cha mahututi.

Yu hai. Leo ameruhusiwa kwenda nyumbani. Alinishika mkono, akasema, "Asante, daktari. Mwingine angekurupuka. Wewe ulitaka uhakika kwanza."

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikajikuta nasema, "Dawa umeze kwa wakati."

Sijui nilikuwa namhurumia nani, Mama. Ningesaini mapema ningelala vizuri? Hilo nalo sijui. Mwenzangu ananiambia niache kazi hii kwa wanaoiweza. Labda.

Kuna mwanamke mwingine nje, mimba ya wiki nane, figo zimechoka. Namsikia anakohoa kwenye benchi. Faili lake liko mbele yangu, kalamu ninayo. Nimeandika jina lake na tarehe ya leo, saini bado. Hapo ndipo nilipofika.

Mwanao