Mbegu ya Pera

Jumatatu, 4 Machi

Profesa hakumgusa bega leo! Binti yangu ameingia akipiga kelele kabla hata hajavua viatu. "Baba, hakunigusa!"

Nieleze vizuri nisije nikasahau. Huko hospitalini kwao, daktari anayejifunza ubobezi wa tumbo akikwama na kamera ndani ya mgonjwa, Profesa humgusa bega. Ukiguswa unapisha, hakuna maneno. Binti yangu tangu aanze mwaka jana ameguswa karibu kila siku. Leo ameiendesha kamera mpaka mwisho wa utumbo mpana, Profesa amesimama nyuma, mikono mfukoni.

Kumbe vile vifuniko vya chupa si bure! Miezi yote hii anavizungusha kwa kidole gumba cha kushoto, hata akiangalia taarifa ya habari. Anasema kamera ina magurudumu mawili na gumba ndilo dereva.

Nilitaka kumnyanyua kama alipofaulu darasa la kwanza. Mgongo ulikataa. Tumecheka. Mama yake angeamsha mtaa mzima.

Jumatano, 6 Machi

Nimekubali. Nitapimwa.

Mke wangu alikuwa na ugonjwa wa utumbo mpana. Ulionekana umeshachelewa. Tangu tumzike, binti hanipi nafasi: Baba umri umefika, Baba lini, Baba usinizungushe. Mwenyewe haruhusiwi kunipima, hawaingizi kamera kwa ndugu zao. Atanipima mwenzake wa darasa, kijana mrefu wanayemwita Twiga. Kweli aliinama mlangoni! "Shikamoo, Baba. Tumbo lako liko mikono salama, kichwa changu ndicho kina shida na hizi fremu."

Twiga ana utafiti wake. Huko huwezi kumaliza bila utafiti. Wagonjwa wengine wanakunywa dawa ya kusafisha tumbo yote jioni, wengine wanaigawa, jioni na alfajiri. Anataka kujua ipi inasafisha zaidi. Halafu wapo wanaotazama video za kamera, hazina majina, zina namba tu, wanatoa maksi za usafi. Mmoja wao ni binti yangu!

Alipojua nimeingia kwenye utafiti alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, nitaupa utumbo wako maksi na sitajua ni wako."

"Usinibanie, mama. Mimi sijawahi kukubania."

Sista wa chumba cha kamera amenionya: binti asijue umekunywa vipi. Na siku tatu kabla ya kupimwa Jumatatu, usile chochote chenye mbegu.

Ijumaa, 8 Machi

Binti amehamia kwa shangazi yake mpaka nipimwe, asije akaniona nikikunywa. Kabeba mto wake. Shangazi mtu kapiga simu kuuliza kama tumegombana!

Kabla hajaondoka alinisimulia darasa lao la Ijumaa. Asubuhi za siku nyingine ni wodini, maini na vidonda vya tumbo, mchana kamera. Ijumaa ni kutetea utafiti. Profesa alimuuliza Twiga swali moja tu: kwa nini nikuamini? Twiga akatoka jasho. Ndiyo maana video hazina majina, anasema, jicho lisimpendelee mtu.

Nyumba kimya. Jirani kaleta mapera, nimeyaweka mezani. Harufu ile! Mke wangu alikuwa anakata pera katikati, nusu yangu ananiachia kwenye kisahani cha bluu, kafunika na kingine nzi wasiguse. Hata tukiwa tumenuniana.

Nimekata moja. Nimekula nusu yangu. Halafu nikala na yake.

Ndipo nikakumbuka mbegu. Lo!

Jumatatu, 11 Machi

Nimekunywa. Vipi, sisemi hata humu. Binti hufuta vumbi mezani hapa.

Walinipa sindano ya kunilegeza lakini nilikuwa naona skrini. Ndani ni pinki, kunang'aa, kama ndani ya shavu. Nimejiona! Mara Twiga akasimama. "Baba, hii nini?"

Mbegu. Moja, imekaa.

"Pera," nikasema.

Sista alicheka mpaka akashika kitanda. Twiga naye. Profesa alikuwa ameitwa chumba cha pili. Ikamwagiwa maji, ikaenda zake, wakaendelea.

"Safi, Baba. Tuonane baada ya miaka kumi."

Miaka kumi! Nimerudi kwa miguu, nasalimia hata nisiowajua. Nimeiambia picha ya mke wangu.

Alhamisi, 28 Machi

Naandika haraka. Binti yuko jikoni, anaimba.

Amerudi mapema, mbio, macho yanawaka. Leo walikuwa wanatazama zile video. "Baba, kuna mtu kaenda na mbegu ya pera! Imekaa kwenye mkunjo kama mwenye nyumba!" Wote chumbani wakacheka. Yeye akairudisha nyuma, atoe maksi vizuri. Maji yalipoiondoa ile mbegu, pale ilipokuwa akaona kitu. Kinundu bapa, rangi karibu sawa na utumbo, kama punje ya dengu. Aliyepima alikuwa anaiangalia mbegu ikienda.

Akamwita Profesa. Profesa akairudia mara mbili. Akamgusa bega! Safari hii hakumtoa, alikaa pembeni yake. Twiga alipoitwa hakukasirika, alishika kichwa, kisha akamshika binti mkono. Wanafungua namba ya yule mtu leo hii, apigiwe simu.

"Ni kidogo kweli?" nikauliza.

"Kidogo, Baba. Kinatolewa kwa kamera hiyohiyo, unarudi nyumbani jioni. Tatizo ni kingeachwa." Halafu akasema taratibu: "Huyo mtu ana bahati. Mama hakupata wa kumrudishia video nyuma."

Huyo mtu ni mimi. Lakini nina furaha kama mwehu. Katika matumbo yote yale yasiyo na majina, mwanangu ameona! Nimwambieje? Sista alinikataza kusema nilivyokunywa. Ya pera hakunikataza.

Simu yangu inaita. Iko jikoni, kwenye chaji. Binti ameacha kuimba.

"Baba, ni Twiga! Mbona anakupigia we—"

Namwona mlangoni, mikono ina maji, simu bado inaita. Anaangalia mapera mapya ya jirani hapa mezani, kisha ananiangalia mimi.