Hukumu ya Bawa Moja

Kwako Kaka,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko zile za kwenye simu ambazo huisha kabla mtu hajakohoa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimeacha kukusumbua na kazi inakwenda. Sisi huku hatujambo. Mguu wa Mama umepona, sasa anafika hadi kwa jirani na kurudi na habari za mtaa mzima. Baba bado anatengeneza makochi, ila siku hizi hupumzika kila baada ya msumari wa tatu na kusingizia kwamba anatafuta nyundo. Mimi ningali nasaga vioo kwenye duka la miwani. Watu huja wakilalamika kwamba hawaoni, nawatengenezea, wanaona, kisha wanaanza kulalamikia walichokiona.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Jambo lenyewe ni refu, na sauti yangu isingefika nalo mwisho. Naomba ukae chini usome hadi mstari wa mwisho, hata utakapofika mahali ukatamani kuichana.

Bila shaka unamkumbuka Bawa Moja, yule shujaa wa katuni mwenye bawa la chuma begani, anayeruka kiupande kama meza iliyovunjika mguu. Wewe ndiye uliyekuwa ukininunulia. Basi bado anachapishwa, bado mkaidi, bado anapenda kupigiwa makofi. Nami, mwanamke mzima mwenye kodi ya kulipa, nimejiunga na kikundi cha watu wanaokutana kila Jumamosi alasiri kumjadili. Usicheke. Tunakutana kwa Dobi, kwenye chumba cha nyuma cha kupigia pasi, katikati ya mashuka ya watu. Dobi unamjua vizuri, ndiye aliyekuwa akikunyooshea lile shati lako la usaili. Wengine wawili ni Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu lakini bado hupangusa vidole kana kwamba ameshika chaki, na Muuguzi wa zahanati, ambaye haamini kitu mpaka akibonyeze kwanza.

Tuna utaratibu wetu. Tunanunua nakala moja tu, kila mtu anakaa nayo siku moja, na akimaliza anaandika hukumu yake kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho: Bawa Moja ana hatia au hana, pamoja na sababu ya mstari mmoja. Kisha anaibandikia kipande cha karatasi ili anayefuata asiione. Jumamosi tunabandua mbele ya wote, na hapo ndipo vita huanza.

Ungesikia mabishano hayo ungedhani tunagawana urithi. Kuna toleo ambalo Bawa Moja anamdanganya mjane kwamba mumewe alikufa akiokoa watoto, kumbe alikufa akiwakimbia. Mwalimu alisema uongo ni uongo, na mtu anayeuremba ataurudia kesho kwa faida yake. Muuguzi akamwambia kwamba yeye hajawahi kukaa na mjane saa ya kwanza, kwa hiyo anyamaze. Kuna jingine ambalo anamwacha mwizi akining'inia juu ya paa nusu siku nzima ili waandishi wa habari wafike. Hapo Muuguzi ndiye aliyekasirika, akasema anawajua watu wa namna hiyo, wanaomshika mgonjwa mkono pale tu ndugu zake wanapotazama. Mwalimu naye akauliza kama mwizi alikamatwa au hakukamatwa. Dobi huwa hasemi sana. Anapiga pasi, na akitaka kukupinga anarusha mvuke.

Mimi nilikuwa mwendesha mashtaka. Shtaka langu lilikuwa moja: Bawa Moja hufika mapema mno. Daraja halijakatika, yeye yuko chini yake. Moto haujatoa moshi, yeye yuko mlangoni. Nilipekua matoleo thelathini na moja na kuandika pembeni kila mahali alipofika kabla ya mtu kupiga kelele. Nikawaambia wenzangu kwamba hakuna bahati ya namna hiyo, kwamba huyu mtu anawasha mwenyewe ili azime na kushangiliwa. Nilisema kwa ukali hata Mwalimu akaniuliza kama shujaa huyu aliwahi kunikosea binafsi. Nikacheka. Lakini mwishoni nilimvuta Muuguzi upande wangu, na Mwalimu akaanza kuyumba.

Dobi peke yake hakuyumba. Siku moja aliweka pasi chini na kusema kwamba mtu anaweza kufika mapema kwa sababu alirudi kuchukua kitu alichosahau, basi, na kwamba si kila aliye karibu na moto ana kiberiti mfukoni. Alisema hivyo akinitazama mimi. Kaka, unanijua. Wewe ndiye uliyenipa jina la Inspekta nikiwa na miaka saba, kwa kuhesabu maandazi kabla na baada ya wewe kupita jikoni. Tangu siku ile nikaanza kumchunguza Dobi.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alipendekeza tutoe hukumu ya jumla, na kwa haki ya mshtakiwa tuanze tena toka toleo la kwanza. Muuguzi akasema hilo halipatikani tena. Dobi akasema yeye analo. Akapanda kwenye kigoda, akashusha boksi la vifungo, akatoa gazeti jembamba lililofungwa kwenye mfuko na kuliweka juu ya meza ya pasi.

Lilikuwa limeungua pembe moja. Jalada lilikuwa limechanika na kubandikwa tena vibaya, kiupande, kwa gundi ya kahawia iliyovuja ikaganda. Muuguzi akauliza ni nani aliyefanya kazi mbovu namna ile. Dobi akajibu kwamba hajui, yeye alipewa atunze tu. Nilijikaza kisabuni, nikasema kichwa kinaniuma, nikaondoka bila mwavuli wangu.

Majuma mawili nilikaa roho juu. Nguo zangu nikaanza kufua mwenyewe. Kila nilipopita pale nilitazama nani yuko ndani, na Dobi akicheka na mteja nilijua wananicheka mimi. Nilijiuliza ni nani aliyempa, amekaa nalo miaka mingapi, na kwa nini amelitoa sasa. Kazini nilisaga vioo vya mteja vibaya, cha kulia nikakiweka kushoto. Kisha Jumatatu nikamwona Baba akiingia kwa Dobi na koti lake mkononi. Nilisimama ng'ambo ya barabara nusu saa nzima, nikiusoma uso wa Baba alipotoka. Alikuwa anapiga mluzi. Hata mluzi ule niliushuku.

Kesho yake mchana nilipiga moyo konde nikaenda. Sikumsalimu vizuri, nilimuuliza tu anataka nini kwangu. Dobi alishangaa kweli, Kaka. Akaniambia hataki kitu. Akasema gazeti lile alipewa na wewe, siku uliyoondoka, ukamwambia amtunzie mdogo wako, akiliuliza ampe, asipoliuliza asimsumbue. Kwa miaka kumi na moja sikuuliza, naye hakunisumbua. Alilitoa kwa sababu Mwalimu alilitaka, na ndani hakuona chochote zaidi ya katuni.

Halafu, bila mimi kumuuliza, akanieleza habari ya siku ile karakana ya Baba ilipoungua. Kwamba mchana ule ulikuwa kwake unasubiri shati likauke, ukiwa umevaa fulana, unamtania kwamba pasi yake ni nzee. Kwamba ulipolivaa ndipo ukakumbuka kuwa vyeti vyako viko kwenye droo ya karakana ya Baba, ukatoka mbio kuvifuata. Hazikupita dakika tano akasikia watu wanapiga kelele za moto. Ndiyo maana hawezi kumhukumu mtu kwa kufika mapema.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napakwepa toka salamu za mwanzo.

Siku ile nilitoka shule nikapitia karakana. Baba alikuwa amelala kwenye kochi la mteja upande wa mbele, kama kawaida yake baada ya chakula. Toleo langu la kwanza lilikuwa limechanika jalada na nilitaka kulirekebisha kabla hujaliona. Nikaenda nyuma, nikawasha lile jiko dogo la umeme, nikapasha gundi ya Baba, nikabandika jalada. Nikaliacha gazeti dirishani likauke. Jiko sikulizima. Kando yake palikuwa na yale magodoro ya kutengenezea viti, nilikuwa nimeyasogeza mwenyewe ili nipate pa kukaa.

Nilitoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka, nikasimama kwenye uchochoro nikizungumza na wenzangu. Ndipo nikakuona unafungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wako, umevaa shati jeupe. Kisha nikaona moshi. Nilijua palepale, Kaka. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuona unaingia, nikakuona unatoka unamburuta Baba, shati limekuwa jeusi, na sikupiga hata kelele moja.

Juma zima watu walikuita shujaa. Kisha wakaanza kuuliza moto ulitoka wapi. Baba alikaa na mkono wake uliofungwa bendeji akiniuliza kama nilipita karakana siku ile, kama niliona chochote. Nikamwambia nilikuona wewe kwenye mlango wa nyuma, una ufunguo mkononi, kabla ya moshi. Kila neno lilikuwa kweli. Nilichagua ukweli uliokuchoma wewe ili ule wa kwangu usionekane. Kesho yake Baba alikudai ufunguo. Ulimpa bila kusema neno, na mwezi haukuisha ukaondoka.

Nilijifariji miaka yote kwamba pengine wewe nawe ulikuwa na lako, vinginevyo ungejitetea. Nilikushuku ili nipate usingizi. Kumbe ulikuwa umeliona gazeti dirishani, gundi bado mbichi, na katikati ya moshi ule ukalichomoa ili asilione mtu mwingine. Ungesema neno moja tu kuhusu shati na vyeti, Baba angeanza kutafuta ni nani mwingine aliyeingia. Hukulisema. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Kaka, sasa nina ishirini na mitano, na kwa muda huo wote umetumikia adhabu yangu kwenye mji wa watu.

Juzi nilimwambia Baba. Nilimkuta anakaza mkanda wa kochi, nikamwambia yote akiwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja, akaipanga kwenye meza. Hakunipiga wala hakunitukana, na ningependelea afanye hivyo. Aliniuliza mara mbili kama shati lilikuwa kwa Dobi kweli. Kisha akafunika uso kwa ule mkono wenye makovu akalia, na Mama akaja akasimama mlangoni. Nimelia nao, lakini najua machozi yangu hayana haki ya kukaa pamoja na yao.

Siombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunitukana, namba yangu unayo, na safari hii nitasikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi niliwaambia wenzangu kwamba mwendesha mashtaka amejiuzulu. Mwalimu ananuna, anasema kesi haiwezi kufa hivyo. Dobi alirusha mvuke tu. Ndani ya bahasha utalikuta lile toleo la kwanza, ni lako sasa. Ukurasa wa mwisho nimeandika hukumu yangu kwa penseli na kuibandikia karatasi. Ubandue mwenyewe.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Dobi anakusalimu, anasema pasi ni ileile. Baba nilimuuliza niandike salamu gani kutoka kwake. Aliingia chumbani akakaa, nikadhani amelala. Alipotoka alinipa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kochi, akaniambia nikitie ndani bila kuandika lolote. Karakana mpya ina kufuli jipya, Kaka, wewe hujawahi kuiona. Ule ni ufunguo wake.

Mdogo wako,
Inspekta aliyevuliwa cheo