Mgongo wa Mzee Salvator

Jumatatu, 10 Februari 2025

Kazi ya ajabu leo! Mwalimu Swafiya wa Biryogo, anayefundisha bayolojia, kaja huku Gisozi kuagiza mtu wa mifupa. Wa mbao, mifupa yote mia mbili na sita, wanafunzi wamfungue na kumfunga. Katuachia kitabu cha picha. Mzee Salvator, mwenye karakana, akasema rahisi tu, ni kiti chenye kichwa.

Nikaona nafasi. Miaka miwili karakanani mimi ni msasa na vanishi, vanishi na msasa. Nikaomba nichonge. Akacheka, kisha akaahidi mbele ya mwalimu: kazi ikipita, napata meza yangu ya kuchongea. Ikikataliwa, nisiguse patasi tena.

"Fanya zile ndogo-ndogo, sha. Kubwa ni zangu."

Jumanne, 11 Februari

Nimehesabu. Kiganja, vidole na kifundo chake: ishirini na saba. Unyayo, vidole na kifundo chake: ishirini na sita. Mara mbili, jumla mia moja na sita. Zaidi ya nusu ya mtu nimepewa mimi! Sijamwambia.

Alhamisi, 13 Februari

Mzee kamaliza mifupa mirefu, ya mapaja, miundi na mikono. Ndiyo ya kutembelea na kunyanyulia mizigo. Mizuri, lazima nikiri. Mifupi ya vifundo ni yangu — vijiwe vinavyotelezeana ili mkono ugeuke kila upande. Mchana nilikaa nageuza kiganja changu mpaka Gahongayire, mama wa maharage, akauliza nimeungua wapi.

Ijumaa, 14 Februari

Pia ya goti. Kifupa kilichojificha ndani ya kano, kinalinda goti. Jean-Luc, mchomeleaji wa jirani, kaniletea soda. Leo, siku ya wapendanao! Nikamwomba goti lake. Alitulia tuli nikizungusha kidole. Nadhani kaelewa vingine. Pole yake, pia imetoka safi.

Jumatatu, 17 Februari

Balaa.

Mifupa bapa iko tayari: fuvu la kulinda ubongo, mbavu za moyo na mapafu. Lakini uti wa mgongo! Mzee katoa ubao mmoja wa mvule, kaupiga randa, umenyooka kama rula. Nikamwonyesha kitabu. Pingili ishirini na nne, kila moja na umbo lake, tundu katikati la kupitisha neva, na mstari wote una mawimbi. Akasema mchoraji alikuwa amelewa.

"Hapa kwangu kitu iliyopinda haitoki."

Kweli, huwa anavunja kiti kizima kwa kupinda unywele. Basi nimekwisha. Meza yangu inakufa kwa ubao wake! Nina hasira!

Jumanne, 18 Februari

Nachonga uti wangu kwa siri, kwa vipande vilivyobaki. Tatizo: picha hainionyeshi unapinda kiasi gani. Nahitaji mgongo wa mtu. Na Mzee akiinama na randa, shati limelowa jasho, pingili zote zinaonekana!

Nikamwambia ana vumbi la mbao. Nikampangusa polepole, waya laini mkononi, nikiukunja kufuata mgongo, kidole kikihesabu. Kumi na mbili, kumi na tatu — akauliza hilo vumbi limepakwa gundi?

Alhamisi, 20 Februari

Zimetimia ishirini na nne. Nimezitunga kwenye waya uleule. Zimo ndani ya gunia la maranda.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika nyuma ya mbao, haraka. Mwalimu yuko hapa. Kasifu vidole. Kasifu fuvu. Kafika mgongoni. Akamuuliza Mzee: mtu huyu wa mbao ataokotaje kalamu ikianguka? Mzee akautazama ubao wake.

Nikavuta gunia. Sikuomba ruhusa. Tukachomoa ubao, tukatundika wangu, fuvu na mbavu vikakaa mahali pake. Mwalimu akapitisha kidole juu mpaka chini, akarudia. Akasema pingili ni sahihi zote, ila mgongo wa mtu mwenye afya, ukiutazama kwa nyuma, haupindi upande.

"Huu unaegemea kushoto. Mwenyewe ameinama miaka mingi, na unamuuma." Akauliza nimeutoa wapi.

Aibu ilinijaa. Mzee Salvator alikuwa amesimama kando ya mtu wake wa mbao, wote wawili wameegemea kushoto. Mkono wake ukaenda taratibu nyuma ya kiuno. Sijawahi kumwona akijishika pale. Nikakimbilia huku.

Sasa wanabishana. Mwalimu anataka uti unyooshwe kidogo, la sivyo hauchukui. Mzee hataki.

"Hiyo haiguswi, Mwalimu. Iko mimi."

Namsikia anavuta stuli, anakaa. Hajawahi kukaa saa za kazi.

Ananiita. Kwa jina langu, Kaze. Anasema nije mezani kwake, na nije na patasi.