Gari la Baba Neema Limebeba Bibi Harusi

Jumamosi usiku

Halikuchemsha! Mlima wote ule wa Goba, bibi harusi kakaa nyuma na shela lake, mie mbele na dumu la maji miguuni, naomba Mungu kimoyomoyo.

Baba Neema aliuziwa hili gari na bosi wake. La kifahari kweli, viti vya ngozi, ila kuukuu, linakula hela kuliko watoto. Mwezi jana shokapu, mwezi huu rejeta, na spea mpaka ziagizwe nje. Nimelalamika mpaka akakubali kuliuza. Mteja anakuja kesho.

Leo jirani katuomba limpeleke binti yake kanisani. Tulivyofika vigelegele, mama mmoja akapaza sauti, "Mama Neema, kumbe nyie matajiri mnajificha!" Nikacheka, jasho linanitoka.

Tuliporudi Baba Neema akaniuliza taratibu, huku analifuta vumbi, "Kwa hiyo kesho namkabidhi funguo?"

"Mpigie asije," nikamwambia. "Ngoja kwanza Neema aolewe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Neema mwenyewe yuko darasa la sita. Hela za spea miaka yote hiyo sijui tutatoa wapi, lakini mume wangu amekula ubwabwa sahani mbili, na sasa hivi anakoroma.