Mubirizi na Sufuria ya Sake

Siku ya kwanza ya juma, 5/5
Niko na miaka makumi munane na moja. Nimepita vita, kolera, na madaktari watatu wenye walisema nitakufa mbele ya Noeli. Wao njo walikufa. Asubui nimetokosha majani machungu ya mubirizi, dawa ya tumbo, kama kila siku. Mu kijiji yetu yote ya Burungu hakuna muntu anatokosha kama mimi. Nimeonja wa kwanza, vile mama alinifundisha. Kisha Mapendo, bibi yangu wa ndoa, kikombe yake. Tumbo inamuuma tena. Nimeongeza kikombe.

Siku ya tatu ya juma, 7/5
Neema, infirmiere mwenye anauguza wagonjwa wetu, anasema dawa yangu njo inamuua Mapendo. Mutoto wa juzi! Nimemupa chupa moja ya dawa apeleke mu laboratware Goma wapime, anyamaze. Akaomba majani pia. Nikamuambia majani bila mukono yangu ni chakula ya mbuzi. Akachuma tu, nyuma ya nyumba. Kichwa nguvu.

Siku ya posho, ya sita ya juma, 17/5
Jibu bado. Silali. Sikai. Nimepalilia maharagi yenye nilipalilia jana. Mapendo amekuwa mwepesi kama kitunga. Vikombe vitatu sasa. Naogopa. Simuonyeshi.

Siku ya pili ya juma, 20/5
Neema amerudi. Majani iko safi! Nimecheka mbele ya watu. Lakini ndani ya chupa waliona plomb, sumu yenye iko mu batri ya motokari.
“Papa, unatokosha mu nini?”
Mu sufuria ya Sake, ya vyuma vya zamani vilivyoyeyushwa. Niliinunua mu soko ya Sake tulipokimbia vita, nyungu ya mama, ile ya udongo, ilipasuka njiani. Neema anasema uchungu wa mubirizi unakula ile chuma. Uongo! Mimi pia nakunywa, na sigonjwi.
“Wewe unaonja, Papa. Mama Mapendo njo anakunywa.”
Nimemufukuza.

Siku ya tatu ya juma, 21/5
Usiku nilihesabu: mimi fundo moja, yeye vikombe vitatu. Nimetoboa sufuria na musumari, muntu asiipikie tena. Ile sumu nilimupa kwa mukono yangu. Neema amemupeleka Mapendo hospitali na pikipiki. Nimefuata kwa miguu.

Siku ya Mungu, 15/6
Tumetoka hospitali, tuko nyumbani. Mama Bahati mufinyanzi amenitengenezea nyungu. Nimetokosha. Chupa itaenda Goma kwanza wapime, mbele muntu akunywe, na sipendi kungoja. Mapendo amekula bugali na maharagi, akanitukana juu ya chumvi. Mwenye anabisha mambo niliandika hapa aulize Neema, ao Mama Bahati. Mapendo mwenyewe anajua yote. Lakini mumuache kwanza. Amelala.