Koki ya Nengo

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Leo nimepima mabomba matatu ya zimamoto. Borne, kama tunavyoyaita hapa. Ya posta kifuniko kimeshika kutu, nimekigonga kwa nyundo hadi mkono ukafa ganzi. Ya pili nzuri. Ya tatu, ile ya safu ya washonaji sokoni, ni aibu. Nimeifungua mpaka mwisho na mshale wa presha umetikisika kidogo, ukalala kwenye nusu bar. Inatakiwa mbili. Pipa limejaa kwa dakika mbili na ushee wakati inatakiwa sekunde ishirini. Akina mama wa Cyanzarwe waliokuwa wakiosha karoti kabla ya kuvuka mpaka kwenda Goma wamekinga vidumu vyao, wakanishukuru. Wamenishukuru! Nyumba ikiungua sijui watanishukuru kwa lipi.

Nimeandika nusu. Kwa wino.

Jumanne, 3 Agosti

Shefu wangu wa idara ya maji amenirudishia daftari. Wageni wa Kigali wanakuja wiki ijayo kuangalia usalama wa soko. Nusu hataki kuiona.

"Bon, funga Nengo kwanza, ndiyo upime. Si ni vile we ulifanyaka?"

Ndivyo. Hilo ndilo linaloniuma, maana ujanja ni wangu mwenyewe. Tangi moja linalisha Nengo, mtaa wa mlimani, na mji wa chini. Ukifunga koki ya Nengo, maji yote yanashuka sokoni, presha inapanda. Niligundua miaka mitatu iliyopita, nikitaka kumfurahisha shefu aliyemtangulia huyu. Nikasifiwa. Tangu hapo kila kiangazi tunapima hivyo, na karatasi inasema tuko salama. Mwaka huu nilitaka kuandika kweli. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimepanda Nengo na ufunguo mrefu, nikafunga. Nikashuka kupima. Presha mbili na robo. Pipa, sekunde kumi na nane. Nikapanda tena kufungua. Mama mmoja, ndoo tupu mkononi, kaniuliza maji yake nimempelekea nani. Nimemjibu ni matengenezo. Uongo unazaa haraka kuliko sungura.

Nimesaini.

Ijumaa, 6 Agosti

Baada ya swala nimepita kwa dada Mwajuma pale sokoni. Amenilea kwa cherehani ile ile anayoshonea hadi leo, ya marehemu mama. Kila mshonaji wa safu yake ana pipa la maji nyuma ya meza. Ni amri ya soko, kwa sababu ya pasi za mkaa. Sasa wamesikia borne yao imepita kipimo. Wanataka kuyatoa mapipa wapate nafasi ya meza za pili, harusi zinakaribia. Wenzake wamekwisha kukubali. Dada kasimamisha cherehani.

"Mudogo wangu, mi nauliza we, si shefu wako. Ile borne iko na maji?"

"Iko, dada."

Basi. Akaendelea kushona. Nimekunywa chai yake yote, na tangawizi, nikaondoka. Mwoga mimi.

Jumatatu, 9 Agosti

Mapipa hayapo. La dada limechukuliwa na muuza sambaza, dagaa wa ziwani. Pale lilipokuwa pana meza mpya, imejaa vitambaa vya bibi harusi. Dada anacheka, sijamwona akicheka hivyo tangu vita. Ningeanzia wapi? Wageni wakiondoka nitamwambia. Ijumaa nitamwambia.

Jumanne, 10 Agosti

Naandika tu.

Saa nane mchana. Pasi ya Mzee Sudi, jirani yake dada. Cheche moja kwenye nailoni. Gari la zimamoto hatuna, tuna mpira wa turubai wa ofisi ya komini. Ulifika upesi, tukaufunga kwenye borne, nikafungua. Maji ya kunawia. Mpira umelala chini kama utumbo wa mbuzi. Watu wakanigeukia. Dada kanigeukia.

Nikachukua ufunguo nikakimbia Nengo. Robo saa ya kupanda. Yule mama wa ndoo alikuwa mlangoni. "Tena?" Nimefunga koki, nikashuka nikianguka.

Nilipofika mpira ulikuwa umevimba, umewaangusha wanaume wawili. Maji mengi, mazuri, yote yanamwagikia majivu. Meza kumi na moja zimekwisha. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Mzee Sudi ameungua mikono yote miwili. Mikono ya mshonaji. Cherehani ya mama imebaki chuma cheusi, gurudumu halizunguki.

Najichukia.

Alhamisi, 12 Agosti

Wageni wamekuja. Shefu kawaonyesha karatasi yangu, kisha akawapeleka sokoni. Mashahidi tele! Soko zima liliona mpira ulivyowaangusha wanaume. Borne ilifanya kazi vizuri, kasema, moto ndio uliwahi. Wakaandika.

Nikasimama mbele yao. Nikawaeleza yote: koki, Nengo, miaka mitatu, saini yangu. Mmoja akafunga kalamu yake, akaniangalia kwa huruma. Huruma! Shefu kanishika bega.

"Mumusamehe. Ni dada yake aliunguliwa, kichwa bado hakijatulia."

Wamekula samaki hotelini, wamerudi Kigali. Jioni shefu ameuchukua ufunguo wa Nengo. Kuanzia Jumatatu mimi ni mtu wa stoo, nahesabu viungo vya mabomba. Sijaenda kwa dada. Naogopa macho yake.

Jumanne, 17 Agosti

Stoo. Panya wawili, mimi wa tatu.

Jumapili, 22 Agosti

Nimekwenda kwa dada. Safu imerudi, chini ya maturubai. Anashona kwa mkono, sindano na uzi, shati la mtoto wa shule. Nimekaa kwenye kigogo. Nimemwambia nilimdanganya, nilijua borne haina kitu.

"Najua."

Nikauliza ameambiwa na nani.

"Hakuna mutu. Siku ile wote walikimbilia borne. We ulikimbilia mulima. Nikajua."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Amekata uzi kwa meno, akaanza kifungo kingine.

Nyuma ya kila meza pana kidumu cha njano. Wamekubaliana wenyewe, wanachota ziwani kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Borne iko hatua sita kutoka hapo na hakuna anayeitazama. Akina mama wa karoti tu.

"We fundi wa kupima," dada akasema. "Pima basi."

Nimepita meza hadi meza, nikainua vidumu kimoja kimoja. Washonaji wakasogeza miguu nipite. Vyote vilikuwa vimejaa ila cha mwisho, cha Mzee Sudi ambaye bado yuko hospitali. Kilikuwa kitupu. Nimekipeleka ziwani, nimekijaza, nimekirudisha nyuma ya meza yake.

Kesho asubuhi nitakwenda tena, kabla ya stoo.